Pembe ya Shamba Ni ya Nani?

Mambo ya Walawi 19, 9–10, Ruthu 2



Wakati wa mavuno sharika zetu huleta malimbuko mbele ya altare: mahindi, mtama, maharage, mikungu ya ndizi, na kuku waliofungwa miguu. Twamshukuru Mungu kwa desturi hiyo njema. Lakini mara nyingi mtu atokaye kanisani siku ile hupita mbele ya nyumba ambayo jiko lake halikuwashwa tangu jana, naye haoni lo lote, kwa sababu sadaka yake amekwisha kuitoa. Kwa ajili ya nyumba hiyo tumeifungua tena torati ya Musa. Wako wasemao ya kuwa torati ile ni ya Wayahudi wa kale, wala haituhusu sisi tuliookolewa kwa neema. Ni kweli, hatuokolewi kwa kuitimiza. Lakini mtu akitaka kujua Mungu apendezwa na nini katika shamba na ghala, hatapata mahali palipo wazi kuliko pale.

Tazameni agizo lenyewe. Mwenye shamba akatazwa kuvuna hata ukingoni kabisa. Akatazwa kurudi nyuma kuokota masuke yaliyoanguka. Tena katika Kumbukumbu la Torati 24 akaagizwa kwamba mganda aliousahau kondeni auache, na mzeituni akiisha kuupiga asiyarudie matawi yake, na mizabibu asiichume mara ya pili. Masazo hayo yote ni ya mgeni, na yatima, na mjane. Lishikeni neno hili: ni yao. Torati haikusema ya kuwa mwenye shamba atawapa kitu siku atakapoona huruma. Basi akivuna yote, hakunyima sadaka tu. Amevuna mali ya mwenziwe.

Hata apitaye njiani alipewa ruhusa ya kukwanyua masuke kwa mkono, ila asitie mundu (Kumbukumbu la Torati 23). Ndiyo maana wanafunzi wa Bwana walipokwanyua masuke wakala, Mafarisayo waliwashitaki kwa ajili ya sabato, lakini hakuna hata mmoja aliyewaita wezi.

Kipimo cha ukingo ule hakikutajwa. Walimu wa Wayahudi, ambao mafundisho yao yalikusanywa katika Mishna karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, walikiri ya kuwa hauna kipimo, ila wakasema usipungue sehemu moja ya sitini. Nao walifikiri hata jambo la mtende: shambani maskini wavune wenyewe, bali tende zilizo juu mwenye mti azishushe na kuwagawia, kwa ajili ya hatari ya kuanguka. Wenzetu wa pwani wenye minazi watalielewa neno hili upesi kuliko sisi wa bara.

Jinsi agizo hili lilivyotendeka twaliona katika kitabu cha Ruthu. Njaa iliingia Bethlehemu, mji ambao maana ya jina lake ni nyumba ya mkate, naye Elimeleki na mkewe Naomi wakahamia Moabu. Baada ya miaka kama kumi Naomi akarudi hana mume, hana wana, akifuatana na mkwewe Ruthu, mwanamke wa Moabu. Ilikuwa mwanzo wa mavuno ya shayiri. Ruthu hakukaa mlangoni kwa mtu; alikwenda kondeni nyuma ya wavunaji, akaokota tangu asubuhi. Boazi alipopata habari zake alimkaribisha kula pamoja na watu wake, naye akala, akashiba hata akasaza. Kisha akawaamuru vijana wamwache aokote hata katikati ya miganda, wala wasimkemee. Tena wachomoe masuke kwa kusudi na kuyaacha nyuma yao. Hapo ndipo penye utamu wa habari yote. Boazi angaliweza kumjazia kapu na kumrudisha nyumbani akishukuru, na mji wote ungalimsifu. Yeye alipenda kuuficha wema wake kati ya mabua, ili Ruthu arudi jioni na efa moja ya shayiri, yaani kama debe moja au zaidi kidogo, aliyoiokota na kuipura kwa mikono yake mwenyewe. Naye Naomi akamwuliza leo ameokota wapi, amefanya kazi wapi, kama aulizwavyo mtu atokaye kazini.

Sisi tulilisahau somo hili. Mwaka mmoja mvua zilipokosa, usharika ulikusanya mahindi, nasi pamoja na wazee tukayagawa Jumapili baada ya ibada, tukiyaita majina kutoka kitabuni, kila aitwaye apite mbele na kikapu chake. Tulidhani tumefanya kwa utaratibu mwema. Jina la mjane mmoja, mwimbaji wa kwaya, tuliliita mara tatu, wala hakusimama, ingawa alikuwa ameketi pale pale. Tukaandika ya kuwa hakuhitaji. Baada ya wiki mbili mwalimu wa mtaa akatupasha habari ya kuwa wajukuu wa nyumba ile walikuwa wakila mizizi ya migomba. Luther, akiieleza amri ya tano katika Katekismo Kubwa ya mwaka 1529, afundisha ya kuwa amwonaye mwenye njaa asimlishe, amemwua kwa njaa. Fundisho hilo tulikuwa tumewafundisha wanafunzi wa kipaimara miaka mingi.

Liko na neno jingine, zito zaidi, ambalo hatupendi kulisema. Miongoni mwetu wako Wakristo, hata wazee wa kanisa, wanaonunua mahindi ya jirani yangali mabichi shambani, kwa sababu wanajua ya kuwa nyumbani mwake hamna unga. Humpa fedha kidogo leo, na mavuno yakija huchukua magunia. Husema, Tulipatana. Ndiyo, mlipatana, kama Esau alivyopatana na Yakobo kwa chakula cha dengu. Amosi katika sura ya 8 aliwakemea wafanya biashara waliongoja sabato ipite, wapate kuuza nafaka kwa efa iliyopunguzwa. Angalieni, watu hao walikuwa wakiishika sabato! Mtu wa namna hii akileta gunia zima mbele ya altare, mwalimu asiogope kumwuliza ni la shamba gani.

Mwaka uliofuata wazee wetu walikubali, baada ya mabishano si haba (mmoja alisema ya kuwa tutawalisha nyani), kwamba katika shamba la usharika mistari mitatu ya ukingoni, upande wa mto, isivunwe, wala pasiwe na kitabu cha majina. Kanisani tulilitangaza jambo hilo mara moja tu. Siku tatu hakuja mtu. Siku ya nne, jua likitua, tulikuwa tukirudi kutoka kumpa mgonjwa Chakula cha Bwana, tukamwona yule mjane na mjukuu wake kati ya mabua, akivunja mahindi na kuyatia kikapuni pasipo haraka. Mwinjilisti aliyefuatana nasi akataka kupaza sauti amsalimu. Tukamshika mkono, tukarudi nyuma, tukaishika njia ya juu.