Mwenye Dhamana

Neno dhamana tunalitumia mahakamani, benki, serikalini na gereji. Mshtakiwa huachiwa kwa dhamana. Anayekopa hutafuta mdhamini. Waziri huitwa mwenye dhamana ya elimu au ya maji. Na anayenunua gari huuliza lina dhamana ya miaka mingapi. Kote huko kuna mzigo, na kuna mtu aliyekubali kuubeba. Nimekuwa nikilitafakari neno hili tangu injini ya pikapu yangu ilipoanza kugonga.

Ninaishi Houston, Marekani, na pikapu hiyo ndiyo inayonilisha: inabeba mashine za kukatia majani na kuvuta tela. Injini yake ni ya petroli yenye silinda 8, ya zile zinazozima silinda 4 barabara ikiwa nyepesi ili kubana mafuta. Dhamana ya kiwandani ilishaisha. Iliyobaki ni dhamana ya nyongeza niliyoilipia siku ya kuchukua gari. Kwa sheria za hapa, karatasi ya namna hiyo ni mkataba wa huduma, unaouzwa kwa bei yake mbali na gari, na kila neno lake lina mpaka.

Fundi alisikiliza mlio, akafungua juu, akaniambia tapeti moja imekwisha. Tapeti za injini hii zina kigurudumu kidogo chini, kinachobingirika juu ya kamshafti. Kigurudumu kikikwama, kinaanza kukwaruza. Chuma kinakula chuma, unga wake unaingia kwenye oili, na oili inausambaza injini nzima. Filta hukamata mwingi, lakini ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi, vali yake ndogo hufunguka na oili hupita bila kuchujwa.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kubadilisha tapeti na kamshafti, kumwaga oili na kuendelea na safari. Ya pili ni kufunga injini ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali, yenye maili zinazokaribiana na zangu. Ya tatu ni injini iliyofanyiwa ovahoo kamili, bloku imechongwa upya, pistoni na beringi ni mpya, nayo inakuja na dhamana yake. Mkataba uliipa kampuni iliyouuza haki ya kuchagua iliyo nafuu. Tena ulitaka injini ifunguliwe kabla ya jibu lolote, na mimi nitie saini kwamba hitilafu ikionekana iko nje ya mkataba, gharama ya kufungua ni yangu. Kwa hiyo hata kuujua ugonjwa kulikuwa na bei.

Nikampigia simu mjomba wangu, fundi wa Tanga aliyezeeka mikono ikiwa na oili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekata filta?"

"Sijakata."

"Basi usiniulize cha kufanya. Kata kwanza, halafu tafuta sumaku."

Nilirudi gereji nikaomba ile filta kuukuu. Nililikata kopo lake kwa kifaa cha kukatia filta, maana msumeno ungeongeza unga wake mwenyewe na kuniharibia ushahidi. Nikaitoa karatasi ya ndani, ile iliyokunjwakunjwa, nikaitandaza juu ya shuka jeupe uani. Ilimetameta juani. Nilipopitisha sumaku chini ya shuka, chembe za kijivu zilisimama na kuifuata. Hizo ni za kamshafti na tapeti. Lakini chache hazikusogea. Zilikuwa bapa, za rangi ya shaba, nyembamba kama magamba ya dagaa. Sumaku ilipita mara ya pili na ya tatu, zikabaki pale pale. Nikampelekea mjomba picha.

"Bandubandu huisha gogo," akasema. "Hayo magamba ni ya beringi. Ukifunga kamshafti mpya humo, umeipeleka ikaliwe."

Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimebeba maswali mawili nikidhani ni moja. La kwanza: kosa ni la nani? La pili: injini inahitaji nini? Mkataba unaishi kwa swali la kwanza, na silidharau. Kampuni ikilipia uzembe wa kila mteja, wanaotunza magari yao ndio watakaobeba gharama hiyo. Swali ni la haki. Ubaya wake ni kwamba likiingia mlangoni linakalia viti vyote.

Lilikuwa limeshakalia vyangu. Kwa siku nne sikuwa nikifikiria injini, nilikuwa nikihesabu risiti. Marekani wana sheria ya Magnuson-Moss ya 1975, inayomkataza mtengenezaji kumfunga mteja kwenye gereji au spea zake ili dhamana isife, labda kama anazitoa bure. Ni sheria njema, inamlinda mtu kama mimi ninayemwaga oili mwenyewe uani. Lakini mtu anayejihudumia hana shahidi isipokuwa risiti zake. Moja ya risiti zangu ilionyesha kwamba mara moja, katika msimu wa kazi nyingi, nilichelewa kubadilisha oili kwa maili 3,000.

Usiku ule nilikaa na karatasi hiyo mezani. Ukiuliza kosa ni la nani, risiti ile ni adui, na mkono unatafuta mahali pa kuificha. Ukiuliza injini inahitaji nini, ni sehemu ya historia ya mgonjwa, nayo daktari anapaswa kuambiwa. Asubuhi nilipeleka risiti zote, na ile ikiwemo, pamoja na filta iliyokatwa. Nikatia saini injini ifunguliwe.

Mkaguzi wa kampuni alikuja, sampo ikashushwa, na beringi mbili za krenki zikakutwa zimekwaruzwa hadi kwenye shaba. Ile risiti aliisoma, akaandika kwamba chanzo ni kigurudumu cha tapeti kilichokwama. Kampuni ikakubali kulipa kiasi cha injini ya mtumba. Mjomba hakunishauri nichague ipi. Aliuliza tu, "Unataka kukaa nayo miaka mingapi?"

Nilimjibu kumi. Jibu hilo likaamua. Injini ya mtumba ingekuja na tapeti zile zile na maisha nisiyoyajua. Nikaongeza fedha zangu, tukafunga iliyofanyiwa ovahoo. Hazikuwa kidogo, zilikula akiba ya miezi saba. Lakini mkataba ulikuwa umetazama nyuma na kumaliza kazi yake, na miaka kumi iliyo mbele haikuwa na mwingine wa kuibeba isipokuwa mimi.

Nimeyaona haya mbali na magari. Pampu ya kisima inakufa kijijini, na kamati inakutana Jumapili tatu kumtafuta aliyeiharibu, huku akina mama wakifuata maji bondeni. Mtoto anafeli, na baba na mama wanagawana lawama juu ya kichwa chake kabla ya mmoja wao kufungua daftari lake. Lawama ina mahali pake, na aliyeiharibu pampu ashitakiwe. Lakini mwenye dhamana ya maji ni yule anayeuliza kwanza pampu inataka nini, akakitafuta, hata kama kosa si lake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na gari lenye dhamana, soma mkataba kabla injini haijaanza kugonga na utunze kila risiti, hata isiyokupendeza. Ikigonga, kata filta kabla ya kumtafuta mkosaji.

Injini yangu imetembea maili 500 sasa. Filta yake ya kwanza nimeikata na kuitandaza kwenye shuka lile lile. Sumaku imeokota unga kidogo wa chuma kipya kinachozoeana. Gamba la shaba sikuliona hata moja.