Njia ya Mwongo ni Miaka Minne

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nashuku wahenga hao hawakuwahi kuuza miche ya maembe. Mwembe uliopandikizwa huanza kukupa matunda ya maana baada ya miaka mitatu au minne. Nikikuuzia mche leo nikakwambia ni Apple, na kumbe siyo, utakuja kujua siku ambayo mimi nishahama na kubadilisha laini ya simu, nawe hata sura yangu huikumbuki. Njia ya mwongo hapo si fupi hata kidogo. Ina kona, ina mabonde, na mwongo ana muda wa kutosha wa kufika nyumbani, kuoga na kulala.

Swali langu ni hili: mtu ambaye hawezi kukukagua leo, na pengine hatakukagua kamwe, unamdai nini na yeye anakudai nini? Sijalitoa kwenye kitabu. Nilikutana nalo kwenye nasari ya anti yangu, upande wa Makueni, si mbali sana na Wote.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Nilikuwa nasoma uchumi, karo ikawa hadithi ndefu, nikachoka kuisimulia. Nikaenda kwa anti nikisema ni wiki mbili tu. Nikakaa. Usiku niliandika makala za watu kwa malipo, mchana nilijaza udongo kwenye mifuko. Nasari iko kando ya mto wa msimu, ile mito yetu ya Ukambani ambayo mwaka mwingi ni mchanga mtupu, na ukitaka maji unachimba.

Kwa wale wa mjini, wacha nieleze kazi yenyewe. Unakusanya kokwa msimu wa maembe, unaziotesha. Shina likifika unene wa kalamu ya risasi, unalikata kichwa na kuliunganisha na kijiti kilichotoka kwenye mti mama, yaani mwembe uliokomaa ambao matunda yake unayajua. Unafunga na utepe wa plastiki, unangoja machipuko. Chini ni mti mmoja, juu ni mwingine. Mizizi hutoka kwa kokwa lolote lile, lakini tunda hutoka kwa kijiti. Kwa hivyo thamani yote ya mche iko kwenye jibu la swali moja: kijiti hiki kilitoka wapi? Na mche wenyewe hausemi. Anti, ambaye ameishi na miembe miaka mingi, huponda jani, akalinusa, akataja aina. Lakini hata yeye huita kubahatisha.

Kazi ya lebo ilikuwa yangu. Nilikata vipande vya mikebe ya yogati, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: Apple, Kent, Tommy, Ngowe. Nikajiona mtaalamu. Jua la Makueni likaula ule wino kwa miezi michache. Halafu tukahamisha mistari fulani kwa sababu ya kivuli, na mimi ndiye niliyeihamisha, jioni, akili ikiwa kwa makala fulani iliyokuwa inadaiwa. Asubuhi nilikuwa na mistari miwili ambayo mmoja ni Apple na mwingine ni Tommy. Upi ni upi, sikujua. Nikakisia. Nikaandika lebo upya, kwa mwandiko mzuri.

Mvua za Novemba zilipokaribia, wateja wakaja. Ukambani mvua za mwisho wa mwaka ndizo za kutegemewa kuliko zile za Machi, kwa hivyo kila mtu anataka miche wakati mmoja. Akaja mzee mmoja kutoka Kitui. Alitaka miche arobaini. Akainama, akaushika mche mmoja kama mtu anayeamkia mtoto, akaniuliza, "Hii ni Apple kweli, mwanangu?"

Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Akalipa kwa M-Pesa, akapakia kwenye pikapu, akaenda.

Sasa nifanye hesabu ambayo siku hiyo sikuifanya. Ukipanda miembe kwa nafasi ya mita kumi kwa kumi, miche arobaini ni ekari moja, karibu kamili. Ekari hiyo unaweza kupanda pojo au kunde katikati, sawa, lakini mashimo ni arobaini ya kuchimbwa. Kiangazi, kila mche ukipewa mtungi mmoja wa lita 20 kwa wiki, ni lita 800, mitungi arobaini kila wiki, kwa punda au kwa mgongo wa mtu. Fanya hivyo kuanzia Juni hadi Oktoba, mwaka hadi mwaka. Mwishoni dalali anakuja kutafuta Apple, anaangalia matunda, na halipi bei ya Apple kwa Tommy. Bei ya mche, zile mia na kitu, ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kile Mzee alichonunua. Alichonunua hasa ni haki ya kumwaga maji na miaka yake juu ya neno langu.

Kitu kimoja nilichobeba kutoka chuoni ni makala ya George Akerlof ya mwaka 1970. Aliandika kuhusu magari yaliyotumika. Wamarekani huita gari bovu "limau". Hoja yake: muuzaji anajua gari ni limau au siyo, mnunuzi hajui. Mnunuzi akiogopa, hatoi bei nzuri kwa yeyote. Wenye magari mazuri wanaona hasara, wanatoka sokoni, na soko linabaki na malimau. Majarida kadhaa yaliikataa makala hiyo kabla haijachapishwa, na mwaka 2001 mwandishi akapewa Nobeli akiwa na wenzake wawili.

Darasani niliona ni hadithi ya magari. Nasarini nilikutana na limau lenyewe. Machungwa hapa kwetu mara nyingi hupandikizwa juu ya shina la mlimau mkali, kwa sababu mizizi yake ni migumu. Kijiti cha chungwa kikifa, na mwenye shamba asitambue, shina la chini huchipua na kukua vizuri tu, kijani kibichi. Miaka kadhaa baadaye anachuma limau. Kuna wakulima wengi Kitui na Makueni ambao wakisikia neno "mche wa kupandikizwa" hucheka kicheko fulani kikavu, wakarudi kupanda kokwa lao la nyumbani. Ukiwaita washamba utakuwa umekosea, buda. Wanafanya hesabu ya Akerlof bila kumsoma.

Lakini Akerlof hakunisaidia na jambo lililokuwa linaninyima usingizi, kwa sababu mnunuzi wake anadanganywa na mtu anayejua ukweli. Mimi sikujua. Nilijitetea hivyo kwa miezi: sikudanganya, si hata mimi sikuwa na uhakika? Labda ile ni Apple kweli. Uwezekano ni nusu kwa nusu.

Nilichelewa kuona shimo kwenye utetezi huo. Mzee hakuniuliza kuhusu mti peke yake. Alipouliza "kweli?" aliniuliza kuhusu mimi, kama ninajua. Kuhusu mti ningeweza kuwa sahihi kwa bahati. Kuhusu mimi nilisema uongo mtupu, na uongo huo ulikamilika palepale, hata kama miche yote arobaini ingekuja kuzaa Apple nyekundu za kupigiwa picha. Kusema "ndiyo" bila kujua si ujinga, maana ujinga una neno lake, nalo ni "sijui". Neno hilo lilikuwa karibu. Lingenigharimu mauzo ya siku moja.

Plato anasimulia kisa cha Gyges, mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane, na swali ni kama mtu mwenye pete hiyo angebaki mwema. Sisi tunafikiri pete ni uchawi. Miaka minne ni pete. Fundi anayefunika nyaya kwa plasta ana pete, na mwalimu anayefundisha asichokielewa ana pete. Hata mimi ninayeandika makala za watu nina pete, maana jina langu halimo.

Nilipomwambia anti, hakunikaripia. Aliendelea kumwagilia, kisha akasema, "Ukimpigia mmoja, itabidi uwapigie wote." Hakuwa mtu mbaya. Nasari ile inasomesha watoto wawili. Huku kwetu habari ya miche mibaya husafiri kwa boda, kanisani na kwenye vikao vya chama, na haitasema "kijana alichanganya mistari miwili". Itasema "kwa yule mama". Kosa langu, jina lake. Nani alinipa ruhusa ya kuwa mwaminifu kwa gharama ya mtu mwingine? Bado sina jibu zuri la swali hilo. Nilichomwambia ni kwamba jina lake lilishatumika siku niliposema "ndiyo", na hapo pia hakuulizwa.

Kuna watakaosema hii ni kazi ya serikali. Kweli, vitalu vinatakiwa kusajiliwa, KEPHIS wapo, na ni vizuri mkaguzi aje aone miti mama na afya ya miche. Mimi nataka waje zaidi. Lakini mkaguzi huja siku moja. Vijiti vinakatwa kila asubuhi, na lebo inaandikwa jioni na mtu aliyechoka ambaye hakuna anayemtazama. Cheti kinaweza kusimama ukutani, lakini jioni ile hakiwezi kuhamisha mistari kwa niaba yangu.

Kuwapata wateja hakukuwa kugumu. M-Pesa ilikuwa imenitunzia rejista ambayo sisi hatukuitunza. Kwenye simu ya anti tulihesabu watu kumi na mmoja walionunua kutoka mistari ile. Mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita. Nikapiga. Wengine walicheka. Mmoja alinitukana kwa Kikamba safi na kudai pesa zake, akarudishiwa kutoka malipo ya makala zangu. Wawili hawakupatikana, mpaka leo.

Mzee wa Kitui alinyamaza kwa muda mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema mbuzi na kiangazi vilikuwa vimechukua tisa, zimebaki thelathini na moja. Akauliza, "Sasa wewe unataka nini?"

Nikamwambia mti mchanga unaweza kukatwa na kupandikizwa upya, na kwamba nitakuja na vijiti vya Apple ambavyo nimevikata mwenyewe kwa mti ninaoujua. Nilipanda matatu mbili, vijiti vimefungwa kwa kitambaa kibichi kwenye mfuko mapajani. Tulifanya kazi siku mbili. Ishirini na moja tulikata na kupandikiza. Kumi alikataa nisiiguse.

"Hiyo tutangoja," alisema. "Labda ulisema kweli."

Nasarini sasa lebo ni vipande vya mikebe ya soda, maandishi yamekwaruzwa kwa msumari, jua haliwezi kuyala. Kila kipande kina aina, namba ya mti mama, tarehe na jina la aliyekata kijiti. Kuna daftari pia, na mteja huondoka na nakala. Mistari ikihamishwa, watu wawili huhesabu. Wateja wachache husoma vile vipande, wengi hawasomi. Siku hizi akija mtu akauliza "ni Apple kweli?" nami sina hakika, nasema sijui. Wengine huondoka, wakanunua kando ya barabara kwa mtu anayejua kila kitu.

Ile miembe kumi ya Kitui haijazaa bado. Mzee hunipigia mara moja moja, tunaongea kuhusu mvua.