Mpagazi Asiyekula Mzigo Wake

Ndugu zangu katika imani, nataka leo tuitwae zabibu moja katika hizi zetu za Dodoma (ambazo, kwa masikitiko, nyingi huishia katika mapipa ya watu tusioshirikiana nao kinywaji), tuipasue kwa ukucha, tuitazame. Ina ganda jembamba, na nyama yenye majimaji, na katikati kokwa zake. Basi mwili wa kila mmoja wetu aliyeketi hapa mtaani Makole umejengwa kwa vyumba vidogo mfano wa zabibu hiyo, viitwavyo seli, na idadi yake yapita trilioni 30. Na Mola wetu, alipotuita katika Suratu Dhariyat tuzitazame ishara zilizomo ndani ya nafsi zetu, hakuuwekea mpaka udogo wa kile tutakachokitazama.

Ganda la seli ni utando, nao ni bawabu, apitishaye maji, chumvi na sukari kwa kipimo na kukizuia mlangoni kisichostahili kuingia. Ndani mna ute, na katika ute huo mna mitokondria, ndiyo majiko yanayounguza chakula kwa oksijeni ili nguvu ipatikane, na ribosomu, mafundi wa kuunda protini. Kokwa ndiyo kiini, hazina ya maandiko, ambamo katika kromosomu 46, nusu za baba na nusu za mama, imeandikwa namna ya kuujenga mwili mzima, juu ya nyuzi ambazo lau zingenyoshwa na kuungwa zingefika kama mita 2. Mita mbili, nduguzanguni, ndani ya kitu ambacho jicho halikioni!

Lakini moyo wangu umekaa zaidi kwa seli moja, nayo ni chembe nyekundu ya damu. Hiyo huzaliwa katika uloto wa mifupa ikiwa na kiini chake kama nyinginezo. Kisha, inapokaribia kutoka kwenda kazini, hukitema kiini, na majiko yake yote huyaacha, ikabaki kifuko laini kilichobonyea kati, kimejaa himoglobini, ambayo ndiyo chombo cha kuchukulia oksijeni. Na kwa kuwa haina jiko, haitumii hata kidogo ile oksijeni iliyokabidhiwa iipeleke kwa wengine. Wazee wa Ugogo waliiona misafara ikipita hapa kwenda Tabora na Ujiji, wapagazi wamejitwika vitambaa wakienda na pembe wakirudi, na sidhani kama alikuwako tajiri wa msafara asiyelala na wasiwasi wa mzigo kupungua njiani. Chembe hii husafiri siku zipatazo 120, usiku na mchana, na mzigo wake haukuguswa. Nasi tushikao mali ya yatima, na fedha za vikoba, na sanduku la msikiti, tunajuana.

Sasa, katika maandiko yale ya kiini, ambayo herufi zake hupata bilioni 3, ikibadilika herufi moja tu mahali pake maalumu, himoglobini hushikamana kamba kamba pindi inapoutua mzigo, na chembe ile ya duara hujipinda ikawa mundu. Niliwahi kuonyeshwa chembe hizo kwa hadubini: nyembamba, zenye ncha, zimelala kati ya zile za duara kama miundu iliyosahauliwa shambani baada ya mavuno ya mtama. Ndiyo selimundu, ambayo wengi twaiita sikoseli. Chembe hizo hukwama katika mishipa midogo, mtoto akalia mifupa usiku kucha. Na haziishi ila siku 10 hadi 20, ndipo damu ikapungua na macho yakageuka manjano.

Nimemjua bwana aliyemrudisha mkewe kwao kwa hoja kwamba ukoo wa mwanamke una mkosi. Dhulma iliyoje! Mtoto hayapati maradhi haya ila kwa kurithi pande zote mbili, kwa baba kama kwa mama, wazazi wenyewe huenda ni wazima wasijue walichobeba. Na kwa wawili kama hao kila mimba ina uwezekano wa 1 katika 4 wa kuleta mtoto mwenye maradhi hayo. Wala si laana: mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alibainisha kwamba airithiye herufi hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingika na makali ya malaria, ndiyo sababu imeenea katika nchi za mbu kama zetu. Basi enyi mnaoposa, pimeni damu kabla ya nikahi, wala mawalii wasione haya kuuliza.

Mtume ametufundisha kwamba kila kiungo cha mwanadamu kinadaiwa sadaka kila siku. Katika mji wetu huu, Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa tangu 2023 ikiwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, ndugu akimpa nduguye kutoka ndani ya mfupa wake. Na asiye na ndugu wa kumfaa kwa uloto ana damu ya kumchangia asiyemjua.

Nyumbani, mtoto mwenye selimundu maumivu yake huchochewa na kiu na baridi, nanyi mwaijua Julai ya Dodoma. Yuko mzee wa mtaa wetu ambaye, kabla ya adhana ya alfajiri, hukoka moto, akabandika maji, akayapoza kwa ya mtungini, akayajaribu kwa kiwiko, kisha ndipo humwamsha kijana wake atawadhe.