Ushahidi wa Ndege

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja kutoka Shinyanga aliniletea kasuku wadogo wawili, wale ambao wengine huwaita cherero. Cherero wa kwao ana uso wa rangi ya chungwa na kiuno cha buluu. Wa kwetu Dodoma ana kichwa cheusi na ukosi wa manjano. Mdomo mwekundu ni ule ule, na duara jeupe la jicho ni lile lile. Mjerumani Reichenow aliwapa wote majina ya kisayansi mwaka 1887 kama aina mbili. Wataalamu wengine baadaye wakawahesabu aina moja.

Mmoja alikufa. Aliyebaki nikamtia tundu moja na wa Dodoma (siku hizo hatukuuliza kibali), nao wakazaa makinda yenye vichwa vya rangi ya tope. Nilifurahi kupita kiasi. Nikawaambia wanachuo darasani: tazameni, hata ndege wanatufundisha kuoana bila kujali kabila.

Binti mmoja, ambaye wazazi wake walikuwa wamemkataa mchumba wake kwa sababu ya kabila, akaupeleka mfano ule nyumbani. Baba yake akamwuliza, "Na porini umewaona wakioana?" Akarudi kwangu na swali hilo.

Mzee alikuwa na hoja. Porini kila aina ina nchi yake: mmoja Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria, mwingine Dodoma hadi Iringa. Wamechanganyika sana Naivasha, Kenya, ambako wote ni wageni. Ni uzao wa ndege wa kufugwa waliotoroka.

Lakini hoja yake ilikuwa na kasoro ile ile ya yangu. Mimi nilichukua ushahidi tunduni, yeye porini, na wala hatukumtazama yule kijana kama ni mtu mwema. Ndege hatoi ahadi, wala havunji. Na je, makinda yale yasingeanguliwa, ningemshauri binti amwache mchumba wake? La hasha! Basi niliwaita ndege mahakamani kwa nini, ikiwa hukumu nilikuwa nayo tayari?

Haya yote sikuyasema siku ile. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe muda nifikiri." Nilifikiri mno. Alipomaliza chuo, yule kijana alikuwa amekwisha kuoa kwingine.