Hirizi Isiyofanya Kazi

Kwenye milingoti ya stima hapa Rhonda kuna matangazo ya waganga: mapenzi, biashara, kesi za mashamba, namba ya simu chini. Tuseme umemlipa mganga akuuzie hirizi ya kumdhuru jirani yako, na hirizi ikakataa kufanya kazi. Wewe umeibiwa, sawa. Lakini jirani je? Ana madai yoyote, na anamdai nani?

Swali hili hunijia kila nikisikia watu wakimalizana na Cambridge Analytica kwa kicheko. Mnakumbuka. Machi 2018, Channel 4 ya Uingereza ilionyesha video ya siri ya mkubwa wao mmoja, Mark Turnbull, akijigamba kwamba hapa Kenya walikivisha chama cha rais sura mpya mara mbili, wakaandika manifesto, wakaandika na hotuba. Alieleza pia kwamba kazi yao ni kugusa matumaini na hofu za watu. David Murathe wa Jubilee akasema ilikuwa kazi ya kupamba jina la chama tu. Sisi tukaingiwa na baridi: kumbe tulifikiriwa na watu wa London! Kisha Oktoba 2020 Kamishna wa Habari wa Uingereza akamaliza uchunguzi. Mbinu zao nyingi zilikuwa za kawaida, za kupatikana sokoni, na hata ndani ya kampuni kulikuwa na waliotilia shaka kazi yenyewe. Basi wengi wakasema, aah, ilikuwa hewa tu, yaishe.

Haijaisha. Mwenye supamaketi aliyeuziwa deshibodi ya rangi rangi, ikamwambia kwamba mwisho wa mwezi watu hununua unga mwingi, amepoteza pesa zake na hasira ni yake. Mama wa duka mwenye kitabu cha madeni angemwambia hayo bure. (Na huyo mama akikosea kumjua mteja, hasara ni yake. Mshauri wa data hulipwa kabla hajakosea. Kwangu hiyo tofauti ni kubwa kuliko shahada.) Lakini kwenye siasa aliyelipa si yeye peke yake anayehusika. Kilichouzwa ni ahadi kwamba hofu zetu zinaweza kuwekwa kwenye jedwali na kuchezewa, na kuna mtu alisikia ahadi hiyo akatoa pesa. Jirani ana madai hapo, hata kama hakuugua. Anamdai mnunuzi kwanza.

Hata hivyo, sitaki kumpa mganga sifa isiyo yake. Ukisema tulilogwa, wa nyumbani wanatoroka. Januari 2008, Rhonda na Kaptembwo zilipochomeka, ilikuwa miaka mitano kabla ya uchaguzi wa kwanza ambao kampuni hiyo ilijivunia, na wengi mtaani walikuwa na simu za mulika mwizi. Hakuna aliyehitaji mchambuzi wa data kujua achome wapi. Ploti ile, mlango wa tatu, anaishi nani, ametoka upande gani, ana watoto wangapi, yote yalijulikana. Walikuwa wakikopeshana sukari. Na bado kuna watu huniuliza eti kompyuta ilitujuaje.