Kitabu Kimekuacha na Nini?



Vijana wengi wakizungumzia vitabu huuliza hivi: "Kusoma kitabu fulani ni dhambi?" Swali zuri, lakini kuna jingine la kulitangulia. Vitabu vingi tunavyosoma wala hatukuvichagua. Vimetufikia tu. Mtu katuma PDF kwenye grupu la WhatsApp, jalada linavutia, kila mtu anakizungumzia, basi na wewe unaanza ukurasa wa kwanza. Hapo nani amechagua?

Hebu tumwangalie Mtakatifu Inyasi wa Loyola, maana hata yeye hakuvichagua vitabu vilivyombadilisha. Tarehe 20 Mei 1521, akiwa askari kwenye ngome ya Pamplona huko Hispania, kombora la mzinga lilimvunja mguu. Akabebwa hadi kwao Loyola. Mfupa ukaunga vibaya, ukatokeza chini ya goti. Naye kwa kujali mwonekano akataka ukatwe, ili aweze kuvaa buti za kubana zilizokuwa fasheni wakati ule. Ukatwe bila ganzi, jamani! Ndivyo alivyokuwa: mtu wa kupenda sifa.

Akiwa kitandani akaomba riwaya za mashujaa wapanda farasi, zile za vita na mapenzi. Nyumba nzima hazikupatikana. Akaletewa vilivyokuwepo: maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Akasoma kwa sababu hakuwa na kingine.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Inyasi hakuacha ndoto zake siku ile. Akiweka kitabu chini, aliweza kukaa saa nyingi akimuwaza mwanamke mmoja wa hadhi ya juu na namna atakavyompendeza. Wakati mwingine aliwaza: na mimi nikifanya kama Mtakatifu Fransisko, au kama Dominiko, itakuwaje? Mawazo yote mawili yalimfurahisha yakiwa yanaendelea. Tofauti aliiona baadaye. Yale ya kwanza yakiisha yalimwacha mkavu, hana raha. Yale ya pili yakiisha, furaha ilibaki. Hapo ndipo yalipoanzia mang'amuzi ya roho tunayojifunza katika Mazoezi ya Kiroho mpaka leo.

Chukua kipimo hicho. Ukiuliza tu "kinanoga?" hutafika mbali, maana hata riwaya mbaya zinanoga, tena sana. Uliza umebaki na nini nusu saa baada ya kukifunga.

Tuseme vitabu vya mafanikio, ndivyo vinavyotembea sana siku hizi. Kujifunza kutunza fedha ni jambo jema, na uvivu haujawahi kuwa fadhila. Lakini kuna kijana anasoma cha kwanza, cha pili, cha tano, na kila akifunga kimoja anamtazama baba yake, fundi baiskeli aliyemsomesha kwa jasho, anamwona kama mtu aliyeshindwa maisha. Wenzake wa jumuiya anaona wanamrudisha nyuma. Kusali anaona ni kupoteza muda. Hakuna ukurasa uliomwambia amdharau mzazi wake. Lakini dharau imeingia, na jioni inakaa naye mezani baba akiomba apewe chumvi.

Wengine wakisikia hivi wanaamua kusoma vya dini tu. Taratibu kidogo. Mwaka 2024 hayati Papa Fransisko aliandika barua nzima kutetea fasihi katika malezi. Humo anakumbuka alipofundisha fasihi katika shule ya Wajesuiti huko Santa Fe, Argentina, mwaka 1964 na 1965. Ilimpasa awasomeshe wanafunzi El Cid, wao wakamtaka García Lorca. Akawaambia El Cid wakasome nyumbani, darasani akazungumza nao juu ya waandishi waliowapenda. Riwaya nzuri inaweza kukutoa machozi kwa ajili ya mtu usiyemjua, na Jumapili ukisikia habari ya Msamaria Mwema, inakugusa mahali ambapo hapakuwahi kuguswa.

Na si kila chenye msalaba kwenye jalada kinafaa. Kuna vijitabu vya sala vinavyozunguka na ahadi za ajabu pamoja na vitisho: usipomaliza siku tisa, balaa! Sheria ya Kanisa, kanuni ya 826, inataka vitabu vya sala vitolewe kwa ruhusa ya Askofu. Angalia kurasa za mwanzo kama kuna Imprimatur. Usipoiona, mwonyeshe paroko wako. Ukiiona pia, ujue haikuambii kwamba kitabu hicho ndicho unachohitaji wewe mwezi huu. Na kama kila ukimaliza kusali unabaki na hofu tupu, usilipuuze jambo hilo.

Leo usiku, kile unachosoma sasa kifunge mapema kidogo, zima simu, kaa kimya dakika kumi. Tazama mawazo yanaelekea wapi. Ukiona ukavu, si lazima ukitupe kitabu leo leo. Ongea na padre au mlezi wako wa vijana. Inyasi mwenyewe alilala kitandani miezi kadhaa, na hakuiona tofauti hiyo siku ya kwanza.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee.