Jirani Asiye na Risiti

Jioni ya Agosti 26, 1928, katika mji wa Paisley, Scotland, May Donoghue aliketi mgahawani na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyeagiza, na ndiye aliyelipa. Soda ya tangawizi ililetwa katika chupa ya kioo cheusi, kisichoonyesha ndani. May akanywa. Kwa maelezo yake, rafiki alipomimina iliyobaki, akatoka konokono aliyeoza. May aliugua, kisha akamshtaki David Stevenson, mtengenezaji wa soda ile.

Wengi walimwona anapoteza muda. Mtengenezaji alikuwa na makubaliano na mwenye mgahawa, mwenye mgahawa na rafiki aliyelipa. May hakuwa na makubaliano na mtu. Mwaka 1929 mahakama ya Scotland ilikuwa imeshatupa madai ya watu waliokunywa soda iliyosemekana kuwa na panya. Naye alikuwa fukara: ilibidi aape kwamba mali yake yote haifiki pauni 5, ndipo akaruhusiwa kukata rufaa katika Bunge la Malodi, lililokuwa pia mahakama ya juu ya rufaa wakati huo, bila kuweka dhamana ya gharama.

Mei 26, 1932 alishinda kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Jaji Atkin alisema jirani yako kisheria ni yule anayeweza kuumizwa na kitendo chako kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria ulipokuwa ukitenda. Waliopinga waliogopa kwamba madai yangekosa mpaka. Hofu yao naielewa, ila siikubali: aliyeziba chupa asiyoweza mtu kuona ndani yake, alijua wazi kuna kinywa kitakachoinywa.

Hukumu ile inatajwa hadi leo katika mahakama za Kenya na Tanzania, nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza. Lakini mimi nikiisoma, mawazo hunipeleka barabara kuu.

Lori likiharibika mlimani, utingo hukimbia kukata matawi, akayatandaza nyuma mbali kidogo ili anayekuja apunguze mwendo. Kisha hutafuta mawe makubwa ya kuzuia matairi. Huo ni uangalifu wa kweli, tena kwa watu asiowajua hata kwa sura. Gari likishatengenezwa, dereva anawasha, utingo anadandia, wanaondoka. Mawe yanabaki katikati ya lami. Usiku anakuja mwenye pikipiki, amempakia mkewe.

Msibani tutaambiana kwamba ajali haina kinga. Ni neno la kumfariji mfiwa na silibezi, lakini tumelizoea mno, mpaka linazima swali ambalo mfiwa ana haki ya kuliuliza: jiwe lile aliliweka nani, na kwa nini hakuliondoa? Zipo ajali zisizo na kinga. Hii ilikuwa nayo, kazi ya dakika mbili.

Sheria ya uzembe ingemsaidia mjane huyo kama angeweza kuthibitisha nani alimwajibikia, alikosea wapi, na kwamba kosa hilo ndilo lililoleta madhara. Lakini lori lenyewe limeshavuka mikoa miwili, na namba yake hakuna aliyeiona. Kwa hiyo sitaki tusubiri mahakama. Wenye malori wana uwezo wa kuifanya iwe amri ya kazi, dereva na utingo wakijua watawajibishwa wakiivunja: gari halisogei kabla jiwe la mwisho halijatoka barabarani.